Papa, Nani Amekufa?

Leo asubuhi, kabla umeme haujakatika, yaani mapema sana, shasi ya remoki yangu, ile tela ndogo ya kulala ndani ninayoijenga ivutwe na gari, imeletwa ikiwa na ekseli, yaani chuma cha magurudumu, katikati. Sisemi karibu na katikati. Mita 1.22 kutoka mbele, mita 1.22 kutoka nyuma, kama ile mizani wanayochora mlangoni pa mahakama. Fundi wa kuchomea vyuma amesimama pembeni, anafuta mikono kwa tambara, anangoja asifiwe.

Mchoro nilimpa. Kwenye mchoro ekseli iko sentimita 80 kutoka nyuma, na mshale mwekundu, na neno HAPA. Mchoro amefungia bageti zake za kuchomea.

Sasa mimi sipigi kelele. Mtu mwenye kalamu ya risasi sikioni hapigi kelele. Nimemwita kando kwa adabu.

“Fundi, mbona ekseli iko hapa?”

“Papa, katikati ndiyo inabalansi.”

“Ndiyo ubaya wake. Haitakiwi kubalansi. Inatakiwa iegemee mbele.”

“Itaanguka mbele.”

“Mbele kuna gari, fundi.”

“Na siku gari haiko?”

“Siku gari haiko kuna mguu wa kuisimamishia. Uko kwenye mchoro.”

“Mchoro gani, papa?”

Ninyi mnaojua remoki mnaelewa kwa nini mishipa ya shingo imenisimama. Remoki isiyolalia gari mbele inatikisa mkia. Mwendo ukipanda kidogo tu inaanza kuyumba kama mtu aliyetoka kunywa lutuku, na gari linayumba nayo. Kwenye barabara ya Likasi, huku kwetu Kongo, lori la shaba likiwa mbele na jingine nyuma, hiyo si safari, ni toba. Kichwa cha remoki, pale inapofungwa kwenye gari, kinatakiwa kibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Hii yangu ikijaa itafika kilo 400 hivi, kwa hiyo kilo 40 hadi 60 zikae juu ya mpira wa gari, ile tufe ya chuma ya kuvutia. Jiko liko nyuma, bidoni ya maji ya lita 20 iko nyuma, masufuria nyuma. Ukiweka ekseli katikati, uzito unaangukia nyuma ya magurudumu na kichwa kinaanza kuinua makalio ya gari.

Mahali pa ekseli hapatafutwi kwa jicho. Unamaliza sanduku, unaingiza kila kitu: godoro, maji, chungu, nguo, pine (tairi) ya akiba. Unalaza yote juu ya bomba la mviringo, unasogeza mpaka remoki inabembea huku na huku bila kuamua. Hapo ndipo uzito ulipo. Ekseli inakaa nyuma ya hapo kwa asilimia 12 ya urefu wa kutoka kichwani hadi kwenye ekseli. Kwangu urefu huo ni mita 2.74, basi ni sentimita 33. Halafu unaazima mizani ya bafuni kwa jirani anayejipima unene, unaiweka chini ya kichwa cha remoki juu ya kibao, remoki ikiwa imenyooka kabisa, maana ikiinama mizani inadanganya. Kwa sababu hiyo ekseli inafungwa kwa bulon (bolti) mpaka siku ya mizani ipite. Haichomelewi.

Yeye amechomelea. Pande zote. Kwa upendo.

“Hii haitatoka hata mwaka 2060,” ananiambia. Naamini.

Na hapo bado hatujafika kwenye resori, yaani springi. Tulikubaliana resori nyepesi, kulingana na mzigo. Ameleta za Land Cruiser, vipande saba kila upande, zimeng’olewa kwenye gari ambalo bila shaka lilikufa likiwa limebeba mawe ya mgodi. “Papa, hizi ni kabambe.” Ni kabambe, ndiyo. Resori ya kubeba tani, chini ya kilo 400, haipindi. Ni sawa na kutokuwa na resori. Kila shimo linapanda moja kwa moja hadi kwenye skurubu, skurubu zinajifungua zenyewe, triplex, ile mbao ya tabaka za gundi, inapasuka kwenye pembe za mlango, na ukifika unakuta mayai yote yamekuwa mamoja. Angalau angetoa vipande vinne kila upande, abakize kile kirefu na viwili vya chini yake, kisha tuone sanduku linashuka kiasi gani. Amesema kutoa ni kuharibu.

Alitaka hata shasi yenyewe iwe ya chuma cha U cha milimita 100. Hicho mita moja ina kilo 10 na zaidi. Bomba la mraba la 50 kwa 50, unene milimita 3, lina kilo 4 na kitu kwa mita. Kwa mita 13 ninazohitaji, huko ni kilo 138, huku ni 57 hivi. Nikamwonyesha hesabu. Akaligonga bomba kwa ukucha, akatikisa kichwa kwa huzuni: “Hili ni la dirisha, papa.”

Nikachukua mita, nikapima pembe kwa pembe. Kwa sanduku la 1.22 kwa 2.44, ulalo unatakiwa uwe mita 2.73, huku na huku. Upande mmoja 2.73. Upande wa pili 2.76.

“Hiyo ni uzi tu, papa.”

Uzi! Sentimita tatu! Shasi iliyopinda sentimita tatu inazaa mlango usiofunga, na kifuniko cha jiko kinachoacha pengo la kupitisha panya mwenye mimba. Chuma kinavutwa na moto. Unashika kwa nukta nne kwanza, moja kila pembe, unapima ulalo, unagonga kwa nyundo, unapima tena, na ndipo unachomelea kwa kuruka: kidogo hapa, kidogo pembe ya mbali, ili joto lisivute upande mmoja. Nimeyasema haya yote kwa sauti ya mwalimu. Mwisho wa somo ameniuliza jambo moja.

“Papa, lakini nyumba munayo?”

“Ninayo.”

“Na munataka kulala ndani ya hii?”

Nimemweleza kwamba ni remoki ya umbo la chozi, kwamba Wamarekani walianza kuziunda miaka ya 1930, kwamba kitanda kiko ndani na jiko liko nyuma chini ya kifuniko, unapikia umesimama nje.

“Chozi,” akasema polepole. “Na ni nani analia?”

Mimi, fundi. Ni mimi.

Mama wa nyumba ya pili alipoona mbao mbili za mita 2.44 zikishushwa alivua kilemba akauliza nani amekufa. Kijana wa pembeni anataka kukodi dirisha auzie vocha. Shemeji anauliza kwenye peaji, pale pa ushuru wa barabara, italipa kama gari au kama mzigo, na swali hilo, kwa bahati mbaya, ni zuri. Muuza triplex aliniambia milimita 18. Nilipopima ilikuwa 15. Kama nanyi mnanunua, ombeni kipande cha kiganja, kichemsheni saa moja. Tabaka zikiachana kama kitabu kilicholowa, ile ni gundi ya kabati, mwezi wa kumi na mbili itavimba yote.

Paa nalo lina kiburi chake. Triplex ya milimita 4, tabaka mbili, inalazwa juu ya mbao za kuvuka zilizopangwa kila sentimita 30. Unailowesha kwa maji ya moto, unaifunga kwa mikanda, unaiacha usiku mzima ijifunze kupinda. Kifuniko cha jiko ukikipinda sawasawa na mchoro, ukikifungua mikanda kinanyooka kidogo kama mtu anayejinyoosha akitoka kulala. Basi mbavu zake zikatwe zikiwa zimepinda zaidi kidogo. Juu ya bawaba weka ukanda wa mpira wa pine ya ndani unaofunika upana wote, maana mvua inapenda kuingilia pale kuliko mahali pengine popote. Silikoni juu ya silikoni ya zamani haishiki. Ukijua hivyo utaokoa Krismasi yako.

Na mtu mmoja, mwenye diploma, ameniambia mwezi wa saba kukiwa baridi niingize mbabula (jiko la makaa) ndani nifunge mlango. Ndani ya sanduku la meta za ujazo tatu! Hapo yule mama wa kilemba atakuwa amesema kweli. Hata bila mbabula, watu wawili wakipumua usiku kucha, asubuhi dari linadondosha maji. Tundu moja chini, tundu moja juu, yote na wavu wa mbu, na yasizibwe hata meno yakigongana.

Kinachoniuma zaidi ni godoro. Upana wa nje ni mita 1.22. Toa kuta mbili za milimita 15, inabaki mita 1.19. Godoro la dukani ni 1.20. Kwa sentimita moja, godoro litajikunja katikati kama kilima, na wawili mnaolala mtateleza kila mmoja kwenye ukuta wake. Nilisema tukate kwa kisu cha mkate. Mama watoto ameuliza ni godoro gani linalokatwa. Nimesema lile jipya. Sasa mazungumzo hayo yamesimama, na mimi nimetoka kuja kumtazama fundi akate ile ekseli, lakini umeme umeondoka saa tatu kasoro, mashine ya kukata haizunguki, na yeye ameketi juu ya ndoo anakula bukari.

Watoto wa avenyu wamepanda juu ya shasi. Wanne mbele, wanne nyuma, wanapanda na kushuka, wanapanda na kushuka. Fundi anatafuna, ananitazama, haniambii kitu.