Ukifika Paris, usiishie kwenye bageti

Mgeni akifika Paris hununua bageti, ule mkate mrefu mwembamba, akaipiga picha, akaona basi, mkate wa Kifaransa ameshaujua. Bageti nzuri ni tamu, hilo sibishani nalo, na mwaka 2022 UNESCO iliutambua ujuzi wa kuioka kuwa urithi wa utamaduni. Lakini bageti ni mkate wa mjini. Huliwa siku hiyohiyo. Ikilala, kesho yake imeshakakamaa. Watu wa mikoani walioka mikate mikubwa ya kukaa siku nyingi, na mikate hiyo bado inapatikana Paris kwa anayeiuliza.

Kwangu mimi wa kwanza kuutafuta ni tourte de seigle, mkate wa rai wa Auvergne, nyanda za milima katikati ya Ufaransa. Rai ni nafaka ya jamii ya ngano, ila yenyewe huvumilia baridi na udongo hafifu, ndiyo maana watu wa milimani waliitegemea. Mkate wake ni wa mviringo, mzito mkononi, ganda lake limepasukapasuka na kubaki na unga mweupe juu, kama tope la bwawa lililokauka kiangazi. Ndani una rangi ya kijivu, umeshikana, na kisu hutoka na unyevu. Usiukate ukiwa wa moto. Uache ulale, siku ya pili ndipo uchachu wake unapotulia na ladha kutoka vizuri. Ukate vipande vyembamba, upake siagi yenye chumvi, au ule na jibini. Msafiri aliyepanga chumba hununua mara moja akala karibu wiki nzima.

Usiogope ukubwa wake. Mikate ya namna hii mara nyingi huuzwa kwa kupimwa, kwa hiyo omba robo au nusu, nao watakukatia. Ila ukiingia, salimia kwanza: "Bonjour, madame." Sisi tuliolelewa kwa "hodi" na "shikamoo" hilo halitupi tabu, na nimeona linavyofungua mazungumzo. Hapo uliza mkate umeokwa lini, na kama ni wa chachu ya asili au wa hamira.

Kibao cha mlangoni nacho kina maana. Tangu mwaka 1998 sheria ya Ufaransa hairuhusu duka kujiita "boulangerie", yaani bekari, kama unga haukandwi na mkate hauokwi palepale, wala donge haliruhusiwi kugandishwa. Kabla yake, amri ya mwaka 1993 ililinda "pain de tradition française", yaani mkate wa jadi wa Kifaransa: haugandishwi, hauna viongezi. Kwa hiyo hata ukitaka bageti, omba "tradition". Tofauti yake na bageti ya kawaida utaisikia kwenye tonge la kwanza.

Kwa anayeanza kabisa, nenda Poilâne, bekari iliyoko mtaa wa rue du Cherche-Midi. Pierre Poilâne, mtu wa Normandie, mkoa wa kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, alifungua duka hilo mwaka 1932, akashikilia mkate mkubwa wa chachu, uliookwa kwa kuni, wakati jiji lilikuwa likikimbilia mkate mweupe. Mkate mzima unakaribia kilo mbili. Wapo wanaosema duka limekuwa la watalii. Mimi nasema mkate wake bado unastahili safari.

Baada ya hapo tafuta fougasse, mkate wa Provence, kusini mwa Ufaransa, wenye mafuta ya zeituni na matundu kama jani, au pain brié wa Normandie, ambao donge lake hupigwapigwa hadi likashikana; mabaharia waliubeba baharini kwa sababu haukauki upesi. Hizi hazipo kila mtaa, na mwokaji mmoja huenda akaoka aina fulani siku maalumu tu. Muulize ni siku gani, kisha urudi. Ukisafiri Agosti, hakikisha kwanza kama duka liko wazi, maana bekari nyingi hufungwa mwezi huo waokaji wakaenda likizo.