Kituo cha maji kiingie OpenStreetMap au kibaki kwenye tabaka lako?

Chukua kata yenye vituo 140 vya kuchotea maji, vyote vimeorodheshwa kwenye jedwali la Excel: jina, latitudo, longitudo, bei ya ndoo ya lita 20, na kama leo maji yanatoka. Unaweza kuvifanya tabaka lako mwenyewe, yaani seti ya nukta inayokaa juu ya ramani, ndani ya uMap au Google My Maps, huduma za mtandaoni za kutengeneza ramani. Au unaweza kuviingiza OpenStreetMap, ramani ya umma ambayo yeyote mwenye akaunti anaruhusiwa kuihariri.

Wanaotetea tabaka wana hoja nzito. Bei hupanda, pampu hufa, na habari za siku kwa siku hazina makao OpenStreetMap. Kwenye uMap unahifadhi jedwali kama CSV ya UTF-8 (faili la maandishi matupu, thamani zikitenganishwa kwa mkato), unachagua faili na tabaka, na nukta zote 140 zinatokea. Unaweza hata kuliunganisha tabaka na jedwali lililo mtandaoni, bei ikibadilishwa kule ramani ifuate. Hapo ndipo wengi hukwama: tabaka linabaki tupu kwa sababu kivinjari kinazuia data ya seva nyingine. Washa chaguo la kupitishia ombi kwenye seva ya uMap yenyewe. My Maps ni nyepesi kwa anayeanza, ila inaishia matabaka 10 na mistari 2,000 kwa kila faili.

Lakini tabaka halisahihishwi na mtu mwingine, na makosa ya koordineti ni mengi. Dar es Salaam iko karibu na latitudo -6.8 na longitudo 39.28. GeoJSON, aina ya faili la data ya ramani, hutaka longitudo itangulie. Ukizipanga kinyume, vituo vyako vinatua magharibi mwa Hispania, jirani na Ureno. Alama ya kutoa ikidondoka, vinahamia Ethiopia. Hayo utayaona mara moja. La kuogopwa ni lile dogo: vipimo vya UTM (koordineti za mita badala ya digrii) kutoka ramani za zamani za upimaji za Afrika Mashariki viko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali, huku ramani za mtandaoni zikitumia mfumo mwingine, WGS 84. Vikiingizwa vivyo hivyo, kila kituo kinasogea takriban mita 300, yaani mtaa wa pili, na hakuna anayeshtuka. Vifungue kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, kama EPSG:21037 (msimbo wa Arc 1960 kwa ukanda wa UTM wa Dar es Salaam), uvitoe kama EPSG:4326 (msimbo wa WGS 84), kisha ulinganishe nukta moja na njia panda inayoonekana kwenye picha ya setilaiti.

Kwenye OpenStreetMap, kituo kilichowekwa pabaya hurekebishwa na yeyote anayekifahamu, na kitaonekana pia kwenye programu za simu kama OsmAnd na Organic Maps. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, ulichora mifereji, nyumba na barabara za maeneo yanayofurika kwa njia hiyo, na kazi ile inatumika hata nje ya mradi. Gharama yake ni uhuru wako: leseni ya data ya OpenStreetMap, ODbL, inamruhusu kila mtu kutumia data hiyo, kwa hiyo orodha uliyopewa na ofisi bila ruhusa ya maandishi haiingii, wala kilichonakiliwa Google Maps. Kumimina vituo vyote 140 kwa mkupuo nako kunadai kujadiliana kwanza na wachoraji wa eneo.

Kwa maoni yetu, taarifa za kituo zigawanywe. Mahali na aina ya kituo viende OpenStreetMap, kwa sababu ni mali ya wakazi wote. Bei na hali ya leo vibaki kwenye tabaka. Namba ya simu ya mhudumu isiwekwe popote, maana data ya ramani ya uMap iliyo wazi hupakuliwa na yeyote.

Katika kuunganisha pande hizo mbili, usitegemee namba ya utambulisho ya OpenStreetMap. Mchoraji akifuta nukta na kuchora kibanda chenyewe kama umbo, namba ile inakufa na bei yako inabaki haina kituo. Kipe kila kituo msimbo wako, uweke latitudo na longitudo kwenye jedwali lako pia, na ukiwa umetengeneza ramani ya uMap bila akaunti, hifadhi kiungo cha siri cha kuhariri mahali ambapo watu wawili wanakifikia. Kikipotea, ramani itaendelea kuonekana ikiwa na bei za mwaka jana.