Kisukari na saumu: mtihani uko kwenye sinia la futari

Shaabani ikiingia, kliniki za kisukari za pwani hulijua swali litakalokuja: "Daktari, mwaka huu nifunge?" Mara nyingi jibu huwa neno moja tu, usifunge. Mgonjwa huitikia "haya", hurudi nyumbani, na mwezi ukiandama anafunga kimyakimya na dawa zake zile zile, kipimo kile kile, ila sasa anazimeza wakati wa daku. Hapo ndipo mambo huharibika. Swali hili linahitaji jibu refu zaidi ya ndiyo au hapana, maana pande zote mbili zina hoja nzito.

Wanaokataza wanaanzia ndani ya mwili. Mtu akikaa bila kula hutegemea sukari iliyowekwa akiba kwenye ini. Asiye na kisukari, kongosho lake hupunguza lenyewe insulini, homoni inayoishusha sukari ya damu, sukari inapoteremka. Anayechoma insulini, au anayemeza vidonge vinavyolikamua kongosho, hana breki hiyo: dawa ikishaingia itafanya kazi yake hata tumbo likiwa tupu. Utafiti wa EPIDIAR, uliochapishwa mwaka 2004 na kuhusisha zaidi ya wagonjwa 12,000 katika nchi 13 kuanzia Moroko hadi Indonesia, ulionyesha kwamba ndani ya Ramadhani visa vya sukari kushuka hadi kulazwa hospitali viliongezeka mara 4.7 kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, ambao kongosho lao halitoi insulini, na mara 7.5 kwa aina ya pili, ambao insulini yao haitoshi au haifanyi kazi vizuri. Daktari anayezijua namba hizo akisema usifunge, anasema kwa kuogopa kukupoteza.

Lakini zisomeni namba hizo hizo hadi mwisho. Mara 7.5 kwa aina ya pili maana yake ni kutoka visa 0.4 hadi 3 kwa kila watu 100 kwa mwezi. Ni ongezeko la kweli, ila wengi walifunga bila kufikwa na janga hilo. Na kuna namba ya pili isiyotajwa sana: visa vikali vya sukari kupanda kwa aina ya pili vilitoka 1 hadi 5 kwa kila watu 100. Yaani katika mwezi wa kushinda na njaa, waliolazwa kwa sukari ya juu walikuwa wengi kuliko waliolazwa kwa sukari ya chini. Sababu haziko mbali. Kuna anayeogopa kuanguka mchana akaacha dawa kabisa, na kuna futari yenyewe.

Upande wa dini nao husomwa nusu. Al-Baqara aya ya 184 na 185 zinampa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na asiyetarajia kuweza kulipa hutoa fidia kwa kulisha maskini. Aya ya 195 ya sura hiyo hiyo inakataza mtu kujitia katika maangamizi kwa mikono yake. Kwa hiyo anayeambiwa na daktari mwaminifu kwamba saumu itamdhuru, akila hajapungukiwa na imani. Hata hivyo, bibi wa miaka 65 aliyefunga tangu utotoni hapimi jambo hili kwa ruhusa peke yake. Kuna aibu ya kunywa maji wajukuu wakiwa wamefunga, kuna uchungu wa kukaa nje ya mwezi anaousubiri mwaka mzima. Mhudumu wa afya asiyeuheshimu uchungu huo atadanganywa, na mgonjwa anayemdanganya hawezi kurekebishiwa dawa.

Wapo ambao kwao mjadala umekwisha, na hapa hatuoni haja ya kupepesa macho. Mjamzito anayechoma insulini, anayesafishwa damu au figo zake zimechoka sana, aliyepoteza fahamu kwa sukari kushuka ndani ya miezi mitatu iliyopita, asiyehisi dalili sukari inaposhuka, aliyelazwa karibuni kwa sukari ya juu yenye asidi kwenye damu, na mwenye aina ya kwanza ambaye sukari yake haijatulia: hawa wasifunge. Mpakiaji wa mizigo bandarini anayechoma insulini yuko karibu nao sana, hasa Ramadhani inapoangukia kaskazi, joto likimkausha jasho lote.

Waliobaki, hatari yao inategemea zaidi dawa kuliko ugonjwa. Anayetumia metfomini peke yake ana nafasi nzuri, kwa sababu dawa hiyo ni nadra sana kuishusha sukari chini ya kiwango. Kama alikuwa anameza miligramu 500 mara tatu, anameza 1,000 akifuturu na 500 wakati wa daku. Glibenklamaidi ni habari nyingine. Ni kimojawapo cha vile vidonge vinavyolikamua kongosho, ni cha bei nafuu, kimeenea, na hukaa mwilini muda mrefu, zaidi kwa mzee au mwenye figo dhaifu. Shirika la Afya Duniani katika orodha yake ya dawa muhimu limeeleza kwamba hakiwafai waliopita miaka 60. Mzee anayekimeza daku halafu akalala hadi saa nne asubuhi anaweza kukutwa hajitambui. Kabla ya Ramadhani inafaa abadilishiwe, apewe gliklazaidi kwa mfano, ambayo kipimo kikubwa huwekwa futari na cha daku hupunguzwa.

Insulini ya mchanganyiko, ile ya 70/30 (sehemu 70 ya polepole, 30 ya haraka) inayotumika sana kwetu, ndiyo yenye kosa linalorudiwa kila mwaka. Mgonjwa aliyezoea yuniti 24 asubuhi na 16 jioni huzihamisha 24 zake hadi daku, kwa hesabu kwamba daku ndiyo asubuhi yake mpya. Amegeuza mambo. Kipimo kikubwa kinatakiwa kikutane na mlo mkubwa, kwa hiyo 24 zinachomwa futari, na zile 16 za jioni zinapunguzwa kwa robo hadi nusu, zibaki kati ya 8 na 12, ndizo za daku. Namba kamili ataipanga daktari, ila mpangilio ni huo. Hapa jiografia inatusaidia: karibu na ikweta saumu ni kama saa 13 na nusu mwaka mzima, hivyo dawa ya mara mbili kwa siku inaangukia karibu na nafasi zake za kawaida. Mswahili wa London Ramadhani ikiangukia Juni hufunga zaidi ya saa 18, na ushauri wake hautoshei Unguja, wala wetu haumtoshei yeye.

Sasa tuje kwenye sinia. Muhogo wa nazi, viazi vitamu, ndizi mbichi za nazi, tambi za sukari, kaimati zilizozamishwa kwenye shira, uji mtamu, na jagi la juisi ya ukwaju. Baada ya Tarawehe, wali. Ukivitazama kwa jicho la kisukari, muhogo, kiazi, ndizi na tambi ni kitu kimoja kilichopikwa mara nne. Mwenye sukari achague kimoja, kiasi cha ngumi yake, na nafasi iliyobaki aijaze samaki, kunde au choroko na mboga za majani. Afungue kwa maji na tende moja au mbili. Uji unanukia vizuri kwa pilipili manga na iliki hata bila sukari. Kaimati moja haimuui mtu; sahani yake pamoja na juisi ndiyo inayoipandisha sukari usiku kucha. Na daku isirukwe. Iliwe karibu na Alfajiri, iwe ya kushiba taratibu: ugali wa dona au viazi vya kuchemsha, maharage, yai, maji ya kutosha. Chai ya sukari na mkate mweupe huisha mwilini kabla ya Adhuhuri.

Bila kipimo cha kidole yote haya ni kubahatisha. Wanazuoni wengi wanakubali kwamba kutoboa kidole hakubatilishi saumu, na hili lisemwe misikitini wazi, maana wapo wanaoacha kupima kwa hofu hiyo. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari apime asubuhi, Adhuhuri, Alasiri, kabla ya futari na saa mbili baada yake, na wakati wowote mwili ukimbadilikia. Ikisoma chini ya 3.9 (milimoli kwa lita, kama namba zifuatazo) anafungua papo hapo: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, anasubiri dakika 15, anapima tena. Kati ya 3.9 na 5, arudie kupima ndani ya saa moja. Ikipita 16.6 anafungua pia, anakunywa maji na kutafuta ushauri.

Kishawishi kikubwa huja saa kumi na mbili jioni. Mikono inatetemeka, jasho baridi linatoka, kipimo kinasoma 3.4, na nyumba nzima inasema vumilia, imebaki nusu saa. Ndani ya nusu saa hiyo 3.4 inaweza kuwa 2.2, naye hawezi tena kushika kikombe. Afungue. Siku hiyo atailipa.

Anayetaka kujua mwili wake utakavyokuwa asisubiri tarehe mosi. Amwone daktari wiki sita hadi nane kabla, dawa zipangwe, kisha ajaribu Jumatatu au Alhamisi mbili tatu za Shaabani akiwa na kipimo chake na daftari la kuandika. Namba za siku tatu zitamweleza mengi kuliko shauri la jirani. Na Sikukuu ya Idi, kabla ya kugusa vitumbua, arudishe dawa kwenye mpangilio wa zamani asubuhi hiyo hiyo, kwa sababu kipimo kilichopunguzwa kwa ajili ya mchana wa njaa hakitatosha kwa siku ya biriani na halua.