Mwizi Hufichiwa Jina, Mpiga Kelele Huanikwa

Wanaotetea mazuio ya mahakama kwa watoto wakorofi huko Uingereza, yaani amri za kumkataza mtoto mambo au mahali fulani, wana kisa kizito mkononi. Mwaka 2007, Leicestershire, mama mmoja alijiua pamoja na bintiye mlemavu baada ya kuandamwa kwa miaka na vijana wa mtaani, wengine wa umri wa miaka 10 tu. Alikuwa amewalalamikia polisi mara 33. Watetezi huongeza kwamba zuio si hukumu ya jinai, halimwachii mtoto rekodi, na hakimu anaweza kuambatanisha ushauri nasaha. Yote kweli.

Ila Sheria ya 2014 iliyoweka mazuio haya England na Wales isomwe yote. Zuio linaanzia miaka 10. Linatolewa kwa kipimo cha kesi za madai, yaani inatosha jambo lielekee zaidi kuwa kweli, si kile cha jinai cha kutoacha shaka, na linahitaji mwenendo ulioleta, au unaoelekea kuleta, bughudha, taharuki au fadhaa. (Fadhaa ya nani? Wapo wazee wanaofadhaishwa na mpira ukidundwa tu.) Mwenye miaka 14 hadi 17 akilivunja anaweza kufungiwa hadi miezi 3, hata kama alichofanya ni kurudi tu kwenye mtaa aliokatazwa.

Linaloniuma zaidi ni kifungu cha 17. Mtoto anayeshtakiwa kwa wizi katika mahakama ya watoto kwa kawaida hatajwi jina. Kinga hiyo imetokana na sheria ya 1933. Kifungu cha 17 kimeiondoa katika mashauri ya zuio. Hakimu anaweza kuamuru jina lifichwe, lakini hapo ni hiari yake, si haki ya mtoto. Kwa hiyo aliyeiba simu anasitiriwa, na aliyepiga kelele ngazini anaweza kuanikwa gazetini. Akifika miaka 20 akiomba kazi, mwajiri ataandika jina lake kwenye intaneti na kukuta yote. Tunaambiwa hana rekodi!

Na mama wa Leicestershire? Amri za namna hii zilikuwepo tangu 1999, watoto wakiwemo. Uchunguzi wa vifo hivyo mwaka 2009 uliwanyooshea kidole polisi na halmashauri kwa kutomsaidia. Amri zenyewe, hadi mwisho wa 2013, asilimia 58 zilikuwa zimevunjwa walau mara moja.

Muswada uliopelekwa bungeni Februari 2025 ulikusudia kuwaundia watu wazima amri mpya, iliyoitwa ya heshima. Watoto kuanzia miaka 10 walibakiziwa zuio, safari hii likiitwa la vijana.