Mazoezi ya jicho kwa bei ya ada ya shule

Juzi dada yangu kanitumia picha ya karatasi ya malipo, anauliza kama naweza kumwongezea. Binti yake wa darasa la kwanza kapimwa macho: la kulia zima, la kushoto linaishia mistari ya juu tu ya chati. Jicho vivu. Hapo sina neno. Kilichonikaba ni kilichofuata: “programu ya mazoezi ya macho” ya miezi sita, mashine zenye taa, bei inakaribia ada ya mwaka mzima. Na chini, kwa wino wa kukolea, wameahidi mtoto atashika nafasi za juu darasani.

Nafasi za juu! Kwa kufuatisha taa nyekundu kwa macho.

Jicho la aina hii mara nyingi lenyewe halina ugonjwa. Lina makengeza, au namba yake ya miwani imepishana mno na ya mwenzake, basi ubongo umezoea kulipuuza. Mtoto halalamiki, atalalamikia nini wakati anaona? Dawa yake ni miwani sahihi, na ikibidi, kufunika lile jicho zima, linaloona vizuri, kwa plasta ili ubongo ukose pa kukimbilia. Kuna matone ya atropini pia, yanayotia ukungu jicho zima. Mwaka 2002 Wamarekani wa PEDIG, kundi la watafiti wa macho ya watoto, waliyapambanisha na plasta, na baada ya miezi sita matokeo yakakaribiana.

Hao hao mwaka 2003 walionyesha kwamba kwa watoto chini ya miaka saba ambao jicho limedhoofika kiasi, kufunika saa mbili kwa siku kunasaidia sawa na saa sita. Saa mbili! Akitoka shule, kabla ya kuoga, zimeisha. Mwaka 2008 wakauliza swali linalomhusu dada yangu: katika hizo saa mbili, mtoto akifanya kazi za karibu kama kuchora na kuunganisha vitone, anapona zaidi kuliko anayetazama vya mbali kama runinga? Hapana. Jicho zima likifunikwa, hata katuni zinatosha. Sasa mashine ya taa inalipiwa ya nini?

Ugumu wenyewe uko nyumbani, na hakuna anayeuuza. Plasta ikibanduliwa inaondoka na vinyweleo vya nyusi, na mtoto anajua, kwa hiyo ukiigusa tu anaanza kulia. Akinyamaza ujue anachungulia upande wa pua. Dada yangu kampa ungo wa mchele achambue, jicho moja limefunikwa: mawe yanabaki, mchele unatupwa, bibi anasonya kwamba anamtesa mjukuu wake. Sayansi imeshasema ungo hauongezi kitu, lakini mikono ikiwa na kazi haiendi kwenye plasta. Huyo mama, pale kwenye mkeka, ndiye mtaalamu wa tiba. Halipwi hata shilingi.

Haya, nikubali kidogo, ingawa kwa shingo upande. Mazoezi ya macho si utapeli wote. Kuna watoto ambao macho yanashindwa kukutana kwenye kitu cha karibu, na jaribio kubwa la mwaka 2008 lilionyesha mazoezi ya kliniki yanawasaidia kweli. Ila lile la mwaka 2019 likapima kama usomaji wao uliongezeka kuliko wa waliopewa mazoezi bandia. Haukuongezeka. Kuna pia video za kutazamwa ndani ya miwani maalumu, ambazo Marekani iliziruhusu mwaka 2021 kwa jicho vivu. Sawa. Lakini zile taa za dada yangu sizo hizo.

Mwalimu anayemvua mtoto plasta kwa kuwa “si sare” namwachia Mungu. Karoti zina vitamini A, hazinyooshi makengeza. Na wanaosema “akikua yataondoka”: macho ya kichanga huyumba miezi ya mwanzo, ndiyo, lakini akipita miezi minne bado yanapishana, mpelekeni. Mboni ikionekana nyeupe, hata kwenye picha ya simu, nendeni leo. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani.

Msijipangie plasta wenyewe. Jicho likidhoofika sana saa huongezwa, na ukifunika kiholela unaweza kudhoofisha lililo zima. Daktari apime kila baada ya wiki kadhaa, basi. Hiyo ndiyo hela ya kulipa.

Na aliyeambiwa mwanawe wa miaka kumi “amechelewa” arudi akaulize tena. Utafiti wa mwaka 2005 ulichukua watoto wa miaka 7 hadi 12, wakapewa miwani, plasta na atropini, na zaidi ya nusu wakapata nafuu. Mapema ni bora, hilo halina ubishi, lakini mlango haufungwi siku ya kutimiza miaka saba.