Vitabu vya mapishi bila gluteni: vya Uingereza nivitumie kwa chapati, vitumbua nimwachie bibi

Mtu wa kwetu akiambiwa na daktari wa huku Uingereza kwamba ana ugonjwa wa siliaki (coeliac), yaani gluteni, protini ya ngano na jamaa zake, inamdhuru utumbo, kinachofuata mara nyingi ni safari ya duka la vitabu. Anarudi na kitabu kinene chenye picha za mikate na keki, anafungua ukurasa wa kwanza, na anakuta anaagizwa anunue unga wa aina tano asioujua. Wiki ya pili amekata tamaa, anakula wali na maharage, na kile kitabu kimekaa juu ya friji.

Mimi nasema kosa si la kitabu. Vitabu vya huku vimeandikwa kwa watu ambao ngano ndiyo meza yao yote: mkate asubuhi, sandwichi mchana, tambi usiku, keki na chai. Kazi yake ni kuziba pengo la ngano. Sisi wa pwani pengo letu ni dogo zaidi. Vitumbua, vibibi, mkate wa kumimina, vileja, mkate wa mofa wa mtama, bhajia za dengu, kachori, makande, ugali, muhogo wa nazi, ndizi, mseto: asili ya vyote hivi haina ngano. Vinavyotusumbua kweli ni chapati, maandazi, sambusa, kaimati na mkate wa mayai. Basi kitabu cha ugenini kinunuliwe kwa ajili ya hivyo vitano, siyo kwa ajili ya kuanza maisha upya.

Kabla ya kitabu chochote, neno moja kwa ambaye hajapimwa: usiache ngano kwanza. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili huzitoa kwa sababu unakula gluteni, na ukiacha zinashuka, kipimo kinatoka safi hali ugonjwa upo. Pima, ndipo uache. Na kuacha ni kuacha ngano, shayiri na rai (rye) pamoja na vyote vinavyotokana nazo, semolina ikiwemo. Nalitaja hili kwa sababu Waswahili wengi Ulaya husonga ugali wa semolina wakikosa unga wa mahindi. Ule ni ugali wa ngano.

Sasa vitabu, vya Uingereza na vya Marekani. Wa zamani kabisa ninayemheshimu ni Bette Hagman wa Marekani, aliyetoa The Gluten-Free Gourmet mwaka 1990, wakati madukani hakukuwa na kitu. Mchanganyiko wake bado unafanya kazi: vikombe 6 vya unga mweupe wa mchele, 2 vya wanga wa viazi, 1 cha wanga wa muhogo. Mchele unabeba umbo, wanga wa viazi unalainisha na kushika unyevu, wanga wa muhogo unaleta mvuto. Ukijua kazi ya kila mmoja huhitaji kununua pakiti ya unga uliochanganywa tayari kwa bei mara mbili au tatu ya ngano. Udhaifu wa kitabu ni vipimo vya vikombe. Kikombe cha unga wa mchele ulioshindiliwa na kikombe cha uliochekechwa hupishana uzito kwa kiasi cha kuharibu mkate. Nunua mizani.

America's Test Kitchen, jiko la Marekani la kujaribia mapishi, walitoa The How Can It Be Gluten Free Cookbook mwaka 2014, na somo moja la mle linatosha kulipia kitabu: rojo la unga wa mchele liache litulie dakika 30 kabla ya kulipika. Punje za mchele hunywa maji polepole. Ukiharakisha, keki inatoka na mchanga mdomoni, na mpishi anailaumu mashine ya kusaga. Anayepika vitumbua analijua hili tangu zamani, ndiyo maana mchele unalala majini usiku kucha.

Kwa unga wa kukanda, mwalimu ni Katarina Cermelj. Ni mkemia, na kitabu chake Baked to Perfection cha mwaka 2021 kinapima kila kitu kwa gramu na kueleza sababu ya kila hatua. Yeye ndiye atakayekufanya uelewe maganda ya siliamu (psyllium). Usitishwe na jina, ndiyo isabgoli inayouzwa maduka ya Kihindi, Mombasa na Dar vilevile, kwa ajili ya tumbo. Ikilowa inageuka ute mzito unaonyooka, na ute huo ndio unaoshika kazi ya gluteni: unga unakunjika, unasukumika, haumeguki. Zanthani (xanthan gum), gundi inayouzwa kama unga mweupe, inafaa keki na biskuti lakini haikupi unga wa kukanda. Ukizidisha zanthani keki inateleza mdomoni kama bamia. Kwa gramu 150 za unga, robo ya kijiko cha chai inatosha.

Becky Excell, How to Make Anything Gluten Free, pia 2021, ni kwa mwenye watoto wanaosoma huku na wanaotaka kula wanachokula wenzao: vipande vya kuku vya kukaanga, donati, pitsa. Kitumie kwa hivyo tu.

Ninachokipenda kuliko vyote ni Flavor Flours cha Alice Medrich, 2014. Yeye hafichi unga kwa kuuchanganya ili ufanane na ngano. Kila unga anaupa sura yake, mchele peke yake, mtama peke yake, mahindi peke yake, na anauliza unga huu wenyewe una ladha gani. Huko ndiko mapishi yetu yalikokuwa siku zote. Vileja havijawahi kuwa biskuti za ngano zilizokosa ngano.

Mitego ya majina, maana hapa ndipo pesa zinapopotea. Kitabu cha Uingereza kikitaja “cornflour” kinamaanisha wanga mweupe wa mahindi. Cha Marekani kikitaja “corn flour” kinamaanisha unga wa mahindi uliosagwa laini. Ukipishanisha, umepika kitu kingine kabisa. Wanga wa muhogo na unga wa muhogo navyo si kitu kimoja: unga wa kwetu ni muhogo mzima uliokaushwa na kutwangwa, una nyuzi na unakunywa maji mengi, wanga ni ule mweupe unaolia kama theluji ukiubana vidoleni. Na unga wa mchele wenye kuandikwa “glutinous” hauna gluteni, neno hilo linasema unanata tu. Unafaa vitumbua kidogo, haufai chapati hata kidogo.

Chapati sasa. Hakuna kitabu cha huku kinachoielewa chapati yetu, lakini ukichukua siliamu ya Cermelj na desturi ya kumwagia unga wa mchele maji ya moto, inapatikana. Kwa chapati sita: unga wa mchele gramu 120, wanga wa muhogo gramu 80, siliamu ya maganda mazima gramu 10, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta kijiko kimoja cha mezani. Changanya vikavu vizuri kwanza, maana siliamu ikigusa maji ikiwa imerundikana inafanya madonge yasiyovunjika. Mimina maji yaliyochemka mililita 220, koroga kwa mwiko mpaka ishikane, ipoe kidogo, kisha kanda dakika tatu. Si kumi na tano kama ngano. Hakuna gluteni ya kuamsha, unachotafuta ni usawa. Funika dakika 20. Ikishika vidole bado, subiri tena, usiongeze unga. Siliamu haijamaliza kunywa. Ikipasuka pembeni unaposukuma, lowesha mikono na ukande tena.

Sukuma katikati ya karatasi mbili za plastiki, unene milimita 2. Chuma kiwe cha moto kweli; kikiwa vuguvugu chapati inakauka kabla ya kubabuka. Upande mmoja dakika moja na nusu, geuza, paka mafuta mwishoni, si mwanzoni. Ikitoka iingie kwenye kitambaa palepale, ijifukize kwa mvuke wake. Ukitaka tabaka, paka samli, kunja, viringisha, iache dakika kumi, sukuma taratibu isishuke chini ya milimita 4. Tabaka zitakuwepo, ila si nyingi kama za ngano, na atakayekuahidi zaidi anakudanganya. Ikipoa inakakamaa kwa sababu wanga wa mchele ukipoa unajifunga tena. Dawa ni kuinyunyizia maji na kuirudisha chumani nusu dakika.

Kama siliamu uliyonunua imesagwa unga, punguza iwe gramu 8. Na chapati zikitoka na rangi ya zambarau, ni aina ya siliamu, hazijaharibika. Badilisha duka.

Maandazi yenye tundu ndani sitayaahidi. Tundu lile ni mvuke uliozuiwa na ngozi ya gluteni, na ngozi hiyo siliamu haiigizi vizuri ndani ya mafuta. Kwa hamu ya chai ya asubuhi pika vitumbua. Sambusa ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani: karatasi za mchele za Kivietnamu, zilowe sekunde chache tu, zifunge nyama iliyokaushwa kabisa mchuzi wake, zikae wazi dakika kumi zikauke juu, ndipo zikaangwe zikiwa zimeachana. Zikigusana zinagandana na kuchanika. Katlesi za yai tupu, bila chenga za mkate, hazihitaji mbadala wowote.

Kwenye vitumbua ndipo vitabu vya huku havina la kutufundisha, na vya kwetu vina kosa moja: “kiasi”. Tui kiasi, sukari kiasi. Aliye jikoni na mama yake kiasi anakiona kwa macho. Aliye Leicester hamwoni mtu. Basi vipimo hivi: mchele gramu 500 ulowe saa 8, umwage maji, usage na tui zito mililita 400, wali uliopikwa gramu 60, sukari gramu 150, hiliki, hamira kavu kijiko kimoja cha chai. Ule wali ndio siri. Wengi siku hizi huongeza vijiko viwili vya unga wa ngano ili rojo lishike, na hapo ndipo kitumbua kinapomdhuru mgonjwa ambaye amehakikishiwa kuwa ni mchele mtupu. Wali uliokwisha iva unashika maji na mapovu ya hamira, kazi ileile, bila ngano. Saga mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie chenga. Rojo lidondoke kwa uzito kama uji wa kunywa. Likiwa jepesi kitumbua kinalala na kunywa mafuta; zito sana, katikati kinabaki kibichi.

Basmati peke yake, hasa ile ya zamani, inatoa kitumbua kikavu. Changanya gramu 400 za basmati na 100 za mchele wa jasmini wa Thailand. Na usifuate saa za nyumbani. Tanga rojo linaumuka kwa saa moja. Jikoni Uingereza mwezi wa Januari linaweza kukaa saa tatu. Liweke ndani ya oveni iliyozimwa pamoja na bakuli la maji ya moto. Chuma cha vitumbua usipokipata, wauzaji wa vyombo vya Wahindi wa Kusini wana cha paniyaramu, vishimo vilevile. Nunua kipya. Chuma cha zamani kilichozoea rojo la ngano, mwiko wa mti na ubao wa kusukumia vinabaki na unga kwenye vinyweleo hata ukivisugua.

Na hapa ndipo ninapoipa Uingereza haki yake. Kwetu chakula kipo, uhakika haupo. Mashine ya kusaga ya mtaani inasaga ngano, kisha mahindi, kisha ulezi, bila kufagiwa. Unga wa uji wa lishe mara nyingi una ngano ndani yake kwa makusudi. Karai moja linakaanga maandazi asubuhi na muhogo jioni. Ukimuuliza muuzaji atakujibu kwa upole na kwa nia njema kwamba hakuna ngano, na yeye mwenyewe hajui. Huku, sheria inataka vitu 14 vinavyoleta mzio, nafaka zenye gluteni zikiwemo, vionekane wazi kwenye orodha ya viungo, na chakula kisiandikwe hakina gluteni mpaka kiwe na miligramu 20 au chini kwa kilo. Marekani kiwango ni hichohicho, ila ndugu zetu wa huko wajue: sheria yao ya mzio inalazimisha kutaja ngano, siyo shayiri. Kimea cha shayiri kinaweza kupita kwenye nafaka za asubuhi na vinywaji vya unga bila kupigiwa mstari.

Kwa hiyo anayekwenda nyumbani likizo na mgonjwa, anunue mchele na ulezi wa punje, aupepete, auoshe, auanike, ausage kwa mashine ya nyumbani. Bhajia zikaangwe kwenye mafuta mapya. Unga wa dengu usome lebo hata ukiwa huku, viwanda vingi vinausaga kwa mashine zilezile za ngano. Bekingi pauda nayo isomwe, baadhi ina wanga wa ngano. Na mvuje (hing) wa unga, ule wa kwenye kichupa, mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano ili usigande. Tafuta uliochanganywa na unga wa mchele, au nunua wa donge, uukwangue mwenyewe kwa ncha ya kisu, mdogo kama punje ya choroko kwa sufuria nzima ya dengu.