Matobolwa au unga wa kopo?

Unga wa inulini, nyuzinyuzi zinazotolewa kwenye mzizi wa chikori, unauzwa kwa ahadi tele: choo laini, kinga imara, sukari kushuka. Hapa Tabora, ambako matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, bado yanapimwa kwa sado sokoni, swali langu ni moja: kopo hilo linaongeza nini?

Tulipe haki yake kwanza. Nyuzinyuzi hizi, wataalamu huziita prebayotiki, yaani chakula cha bakteria wazuri wa utumbo, hazimeng'enywi tumboni wala kwenye utumbo mwembamba. Hufika salama kwenye utumbo mpana, na huko bakteria, hasa bifidobakteria, huzichachusha. Hutoka gesi na asidi, mojawapo butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Uchachu wenyewe huwabana vijidudu vingi vya maradhi. Hapo hakuna uganga.

Ila lebo zinakwenda mbali kuliko ushahidi. Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali kwamba gramu 12 za inulini ya chikori kwa siku humsaidia mtu kupata choo mara nyingi zaidi. Kupata choo, basi, kinga haikutajwa.

Sasa tuje kwenye sahani. Viazi vya matobolwa huchemshwa ndipo vikatwe na kuanikwa (michembe huanikwa mibichi). Wanga uliopikwa ukipoa, sehemu yake hujipanga upya ikawa sugu kwa mmeng'enyo, na bakteria wakapata riziki. Maharage nayo yana sukari zinazofanya kazi hiyohiyo, ndizo zinazotujaza gesi. Ukiyaloweka na kumwaga maji, gesi hupungua, lakini sehemu ya chakula cha bakteria imekwenda na maji. Mimi namwaga tu. Maharage yaliyolowekwa huiva upesi, na mkaa si bure.

Dona inasifiwa kwa haki, ingawa pumba yake huongeza zaidi ujazo wa choo kuliko kuwalisha bakteria. Si kila nyuzinyuzi ni prebayotiki.

Kwa hiyo anayekula maharage, vitunguu na matobolwa sioni sababu ya kununua kopo. Aliyehamia sembe na chipsi, au mzee anayesumbuliwa na choo kigumu, linaweza kumfaa, akianza na kidogo. Lakini mwenye tumbo linalojaa na kunyonga mara kwa mara amwone daktari kwanza, maana inulini hiyohiyo inaweza kumzidishia.